Kofia ya Dirisha la Bibi

Bibi yangu, mama yake baba, ana waume wawili. Wa kwanza alishatangulia mbele za haki. Wa pili ni mimi, na niko kidato cha tatu. Ndiyo utani wa kwetu: bibi na mjukuu wa kiume wanaitana mke na mume, watu wanacheka, maisha yanaendelea. Sikuwahi kuona ubaya wake mpaka Jumamosi moja mchana, mke wangu alipoingia chumbani kwangu na mto wake kwapani, akapanda kitandani bila hata hodi, akajinyoosha.

"Bibi, umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimehama." Macho alishayafumba. "Mume gani anamlaza mkewe kwenye tanuri, yeye analala kwenye friji?"

Nilikwenda kulikagua hilo tanuri nikiwa na nia ya kumpinga. Nilirudi shati limenigandia mgongoni.

Kosa lilikuwa la heshima. Bibi alipokuja kuishi nasi Buzebazeba, hapa Kigoma mjini, akitokea kijijini, huko ndani ndani ukishapita Mwandiga, tulimpa chumba kizuri kuliko vyote, kile chenye dirisha la ziwani. Ukisimama vizuri na kukunja shingo kidogo, unaona kipande cha ziwa katikati ya mapaa mawili. Wageni wote huonyeshwa kipande hicho kama vile tumekichimba wenyewe. Hakuna aliyefikiria kwamba dirisha linaloona ziwa linaonwa pia na jua, tangu saa nane mchana mpaka linapozama nyuma ya milima ya Kongo. Feni ipo. Umeme ukiwepo inalichukua joto la kona hii na kulipeleka kona ile, ili kusiwe na upendeleo.

Chumba changu mimi kinatazama mashariki. Jua linaingia asubuhi, linakuta nimeshaenda shule, linatoka. Kina mlango unaofungwa kwa ndani. Mtu mwenye mlango unaofungwa kwa ndani katika nyumba ya wazazi wa Kigoma ni tajiri, na utajiri hauachiwi hivi hivi.

Baba alitoa hukumu bila kuinua macho kwenye sahani. "Mama yangu hawezi kukaushwa kama dagaa. Mtabadilishana vyumba."

"Baba, na mimi je?"

"Wewe bado mbichi. Ukikauka kidogo si vibaya."

Nikaomba nafasi mpaka Jumapili ya wiki inayofuata. Chumba cha bibi kikipoa, kila mtu abaki kwake. Kisipopoa, nitabeba godoro langu mwenyewe nikaive. Baba akakubali. Mama akakubali. Bibi akasema "ego", yaani ndiyo, kwa Kiha chake cha kutafuna maneno, kisha akaongeza kwamba kitanda changu ni kizuri ila kina makombo ya mandazi.

Jaribio la kwanza nililifanya peke yangu na lilichukua muda wa kupigilia misumari miwili tu. Nilitundika blanketi dirishani. Jua likakoma hapo hapo. Upepo nao ukakoma. Bibi aliingia, akasimama gizani, akaniita kwa sauti ya upole ambayo huwa haileti heri.

"Mume wangu, umenizika? Basi ungenisomea dua kabisa, usiache kazi katikati."

Ndipo nikamwita rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Yeye ni mtoto wa Ujiji, baba yake anavua dagaa, kwa hiyo kila kitu duniani anakiona kama mtumbwi au kama samaki. Alilitazama dirisha, akatazama ziwa, akanitazama mimi.

"Oya, kwani we si ndiyo ulipata sifuri kwenye mtihani wa fizikia, ule wa kapi na roda?"

"Nilipata alama mbili."

"Basi tumepona." Akatoa kidole nje ya nondo za dirisha. "Sikia. Jua na upepo wanakuja kwa mlango mmoja. Ukimfungia mmoja umewafungia wote. Ila jua linashuka kila saa, upepo haushuki. Sasa tunataka kitu kinachoshuka na jua, kinamwacha upepo apite pembeni. Kama wavu wa dagaa. Kamba zinavutwa, unapanda. Zinaachiwa, unashuka."

Sikutaka kumsifia, kwa hiyo nikamwambia ananuka samaki, na kazi ikaanza.

Tulitengeneza fremu ya mianzi, pana kuliko dirisha. Mama, ambaye ni fundi cherehani pale mtaa wa Mwanga, alitushonea juu yake turubai la bluu lililobaki kwenye kazi ya mteja. Sharti lake lilikuwa nioshe vyombo wiki nzima bila kuweka sura ya msiba. Kwa bawaba tulikata vipande vya tairi la baiskeli tukavipigilia ukutani juu ya dirisha. Rafiki yangu alileta kapi mbili za baba yake, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, ambazo aliapa kwamba hazitumiki tena, na mimi sikumuuliza baba yake. Kamba ilitoka kwenye fremu, ikapita kwenye kapi tulizozitundika chini ya paa, ikaingia ndani katikati ya nondo hadi kitandani. Bibi akivuta, turubai linainuka kama ukingo wa kapelo. Akiachia kidogo, linainama. Kila kimo anachokitaka, anaizungusha kamba kwenye nondo mara kadhaa na inakaa. Fundo hatukuweka kwa sababu vidole vya bibi havipendi mafundo.

"Hii ni kofia," bibi alisema siku tuliyoifunga. "Mmelivalisha dirisha kofia."

Sisi tulikuwa tumeiita Mtambo wa Kivuli na Hewa wa Kisasa. Jina la bibi lilishinda kabla hatujamaliza kulitamka la kwetu.

Kofia ya kwanza ilizuia jua vizuri sana na chumba kikawa cha moto kuliko mwanzo. Joto la ukutani lilipanda, likafika chini ya turubai, likakuta hakuna pa kutokea, likaingia ndani kwa bibi na kukaa kama mgeni asiyeaga. Tuliishusha fremu kidogo, tukaacha uwazi wa kiganja kati ya turubai na ukuta ili joto litokee juu. Pembeni hatukuweka kitu. Upepo wa ziwa wa alasiri ukaanza kuingia ubavuni, na pazia la bibi, ambalo halijawahi kutikisika tangu lishonwe, likatikisika. Bibi akaliangalia kwa mashaka.

"Nani yuko nyuma yake?"

"Upepo, bibi."

"Mwambie akae."

Ningeishia hapo, leo ningekuwa mhandisi mwenye heshima. Lakini kapi zilikuwa zinapiga kelele. Kila kamba ikivutwa, nyumba nzima inasikia mbuzi anachinjwa taratibu. Na katika nyumba yetu dawa ya kelele ni moja. Bawaba ya mlango ikilia, mafuta ya mawese. Mnyororo wa baiskeli ukilia, mawese. Nikiwa mdogo, kifua kikikoroma, nilipakwa mawese. Mama mwenyewe ndiye aliyenipa kikombe asubuhi ya ile Jumapili ya mwisho, bibi akashika kamba inyooke, na mimi nikapaka kapi, nikapaka kamba yote, nikapaka mpaka nondo, kwa ukarimu. Kelele zikakoma. Asubuhi ile kulikuwa na kibaridi, mawese yameganda mazito kama uji wa jana, na kamba ilishika kwenye nondo kuliko hata zamani. Tulipongezana. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mawese hufanya nini yakipata moto, sisi watu tunaoyayeyusha kila siku kwenye sufuria.

Jioni yake baba akaja kukagua kama chumba kimepoa, akaja na mgeni, mkuu wake wa kazi aliyehamishiwa Kigoma kutoka mkoa wa mbali. Alikuwa mtu mpole, mrefu, na amevaa shati jeupe kiasi kwamba ulitamani kuliomba radhi.

"Shikamoo mama," alimwambia bibi.

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuona ziwa letu?"

Bila shaka alikuja kuona ziwa letu. Baba alimzungusha nje hadi chini ya dirisha, pale ambapo kipande huonekana vizuri zaidi, akamsimamisha katikati kabisa ya kivuli cha kofia. Mimi na rafiki yangu tulisimama kando tukisubiri kusifiwa. Bibi alikuwa ndani, ameegemea dirisha, kamba iko mbele yake imezungushwa kwenye nondo. Na jua lilikuwa linaipiga ile kamba tangu saa nane.

"Hiki kifaa ni cha vijana wenyewe?" mgeni aliuliza, akainua uso kukitazama.

Tone likamwangukia kwenye paji la uso. La pili likaangukia shati. Akapangusa, akaona vidole vyekundu.

"Nimeumia?" akauliza kwa sauti ndogo.

Kabla mtu hajajibu, kamba ilijifungua kwenye nondo taratibu, kama nyoka aliyeshiba, ikateleza yote, na Mtambo wa Kivuli na Hewa wa Kisasa ukashuka wote kwa mpigo. Fremu ilipita mbele ya pua ya mgeni bila kumgusa, nadhani kwa sababu Mungu anampenda, lakini turubai lilimbana na ukuta, likamfunika kuanzia kichwani hadi kiunoni. Tukabaki tunatazama suruali iliyopigwa pasi vizuri na viatu.

"Damu!" suruali ikapiga kelele. "Natoka damu!"

Bibi akapitisha mkono kwenye nondo, akagusa tone lililobaki kwenye turubai, akaliweka mdomoni.

"Ni mawese, mwanangu. Tulia. Tena hayana chumvi."

Rafiki yangu alikaa chini. Akaziba mdomo kwa ukosi wa shati asisikike akicheka. Baba alikuwa ananitazama, na katika macho yake niliona godoro langu likibebwa mlango hadi mlango.

"Wewe," alisema. "Leo hii. Unahamia leo hii."

Ndipo kule ndani ya turubai kukasikika sauti, sasa imetulia.

"Mzee, samahani. Humu kuna upepo mzuri sana."

Baba akaacha kunitazama mimi, akalitazama turubai.

"Unaingia huku ubavuni," mgeni akaendelea. "Kwangu ninapokaa sina kitu kama hiki. Kwangu naungua."

Tulimtoa. Mama akambadilishia shati, akampa la baba ambalo lilimfika juu ya kitovu. Alikula chakula akiwa hivyo, na kila akinyoosha mkono kuchukua samaki, bibi aliinamisha kichwa kwa adabu asicheke. Baada ya chakula baba akarudia hukumu yake: vyumba vibadilishwe, mama apumzike pasipo na mitego.

"Nani ahame?" bibi akauliza. "Mimi siendi kwenye kile kichumba cha makombo. Nimekaa miaka yote hii sijaona mkubwa wa ofisi akivuliwa kama mgebuka wa ziwani, leo nimemvua mwenyewe, dirishani kwangu. Mtu asiguse kofia yangu. Mume wangu abaki kwake, hana adhabu. Kamba tu ioshwe."

Tuliiosha kwa sabuni na majivu mpaka ikawa kavu, na kapi zimerudi kulia kama mbuzi. Bibi anasema ni afadhali, kwa sababu sauti inamtangulia. Amegundua matumizi ambayo hatukuyafikiria. Njia ya kwenda dukani inapita chini ya dirisha lake. Akipita shoga yake, mbuzi analia, kofia inapanda, maongezi yanaanza. Akipita mtu wa kuomba-omba chumvi au wa maneno mengi, mbuzi analia, kofia inashuka, bibi amelala. Majirani wameshajua kusoma kimo chake wakiwa bado mbali, na wako wanaogeuza njia.

Juzi nimetoka shule na daftari la hesabu ambalo matokeo yake sitayaeleza hapa. Nikaona kofia iko juu, bibi yuko dirishani, nikainua mkono nimsalimie mke wangu. Akalitazama daftari, akanitazama mimi. Mbuzi akalia.