Kumbeba Aliye Hai Miguu Mbele

Mwaka wa 1954, mvua zilipoanza, kaka yangu Zihindula aliangukiwa na mti huko Kabare. Tulimpandisha mlima kwa machela ya fito, kichwa mbele, kama anavyobebwa mtu aliye hai. Miguu mbele ni ya maiti. Alikata roho kabla hatujafika barabarani. Sisemi angepona kama tungembeba vingine. Paja lilikuwa limesagika. Baada ya matanga niliomba kazi ya afya Bukavu, nikiwa na shule ndogo ya misheni tu.

Siku yangu ya kwanza, ukuta wa machimbo uliwaporomokea wapasua mawe. Nilimkimbilia aliyepiga kelele. Enfirmie mkuu, yaani kiongozi wa wauguzi, mtu mrefu wa Kasai, akanishika kola.

"Ule anapiga kelele iko na pumuzi. Mwenye ananyamaza, ule njo mugonjwa wako."

Alinifundisha mpangilio: kwanza pumzi, halafu damu, mwisho mifupa. Damu inayoruka hukandamizwa kwa kitambaa safi, kwa uzito wa mwili wako wote. Ikikataa, unafunga garo, yaani mkanda juu ya jeraha, unaokazwa kwa kuzungusha kijiti. Mfupa uliovunjika hufungwa kwenye mbao. Adui mkubwa alimwita shoki: ngozi baridi yenye jasho, midomo myeupe, mapigo mepesi yanayokimbia.

"Shoki ni mwizi mupole," alisema. "Laza mutu, inua miguu, mufunike. Pombe usimupe, hata mama yake akutukane."

Baadaye nilitumwa kwenye zahanati ya shamba la miti ya kwinini, ambayo magome yake hutoa dawa ya malaria, upande wa Katana. Mkubwa wangu huko, ajenti sanitere, yaani ofisa wa afya, Mbelgiji, alipita kwa pikipiki, akasema "Bien," yaani vizuri, akaondoka. Kazi ilibaki kwangu, nami niliiweza.

Asubuhi moja lori lilipinduka bondeni, likambana mguu Murhula, mbandua magome wa shamba letu. Tulipomtoa nilifunga garo, nikafunga mbao. Damu ilisimama, lakini midomo yake ilikuwa myeupe. Kamioneti, gari dogo la mizigo, ilingoja barabarani, juu ya mwinuko mkali.

"Tunapanda miguu mbele," nikasema. Hivyo kichwa kingebaki chini, damu ikifikie.

Papa Cirhuza, kapita, yaani msimamizi wa wabebaji, akaachia mti wa machela.

"Dokta, uko unamuzika?"

"Iko anapumua, papa."

"Basi geuza. Mimi siwezi kupelekea bibi yake maiti yenye kupumua."

Wakanyanyua kichwa mbele, nami nikiwakataza. Hawakufika mbali. Macho ya Murhula yaligeuka, na mapigo ya shingoni yakapotea chini ya vidole vyangu. Nikapiga ukelele, wakamlaza, nami nikaiinua miguu yake juu ya jiwe. Nikachukua vidole vya Cirhuza, nikaviweka palepale shingoni. Mapigo yakarudi, membamba kama uzi. Mzee hakuuondoa mkono wake.

"Mugeuze," akawaambia wenzake. "Lakini yeye aseme njia yote, watu wasikie. Murhula, sema!"

"Niseme nini?" Sauti ilikuwa ndogo. "Muko munanuka."

Wakacheka, wakapanda. Kila aliponyamaza, Cirhuza alimtukania shemeji zake, naye akajibu.

Barabarani wanawake waliona miguu ikitangulia, wakaanza kulia. Murhula akainua mkono.

"Bamaman, mungoje kwanza."

Nimestaafu sasa, na vijana wa afya huniuliza siri ya kazi. Najibu kwamba garo mtu hujifunza kwa siku moja. Kujua watu wanaogopa nini wanapombeba mgonjwa wao huchukua muda, na bila hilo garo lako litafika hospitali na maiti.

Siku ile, hospitalini Katana, daktari wa misheni alimkata Murhula mguu chini ya goti. Wabebaji walikuwa wamepanda kamioneti pamoja nasi, wakangoja uani. Sista alipotoka kusema ameamka na anaomba uji, Cirhuza alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akawaongoza wenzake hadi kwenye bomba, wakanawa mikono mmoja baada ya mwingine, kama wanavyonawa wanaotoka makaburini. Nami nikanawa pamoja nao.