Siku Walipoifunga Grinihausi

Grinihausi ya kwanza hapa Itaka ilikuwa ya kikundi cha akina mama. Wote nawakumbuka kwa majina, walio hai na waliotutoka, ila majina yao nayaacha. Upepo uliichana ile plastiki, kikundi kikavunjika, nguzo tukagawana kuni.

Mume wangu yeye hakukoma. Aling'oa mistari ya kahawa iliyozeeka, akasimamisha nguzo za miti ya milingoti, akaenda Tunduma kununua plastiki. Kisimani wanawake wakanicheka.

"Wifi, mzee anazijengea nyanya nyumba, na wewe jikoni unavujiwa!"

"Basi nitahamia kwa nyanya," nikawajibu.

Mvua ziliponyesha walinyamaza. Nyanya za nje zilioza kwa ukungu, zetu tukazijaza kwenye matenga kwenda mpakani. Wanawake wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia, waliniita mama kwa lugha yao, "Mayo, mayo, za kwako kwanza!"

Kila asubuhi mume wangu alikunja plastiki za pembeni ili joto litoke, jioni akazishusha. Kazi hiyo hakumwachia mtu, hata mimi.

Mwaka jana akafariki, nyanya ndiyo kwanza zinaanza kubadilika rangi. Kwetu msiba ukiingia, jembe haliguswi mpaka tuzike, na mahali pa marehemu panafungwa. Ndugu zake, kwa heshima, wakashusha plastiki zote na mlango wakaufunga kwa kamba. Mimi nimekalishwa mkekani, nitajuaje? Jua lilikuwa kali siku zile. Nilipokuja kufungua, harufu ilikuwa ya mboga iliyoungulia. Majani yamelala, nyanya zimelainika hapo hapo zilipo.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alishika kichwa.

"Shemeji, tusamehe. Tulijua tunamheshimu kaka."

"Mlimheshimu."

"Basi tuitoe hii plastiki, tufunikie mahindi. Wewe ukakae Tunduma kwa binti yako. Nani atakuwa anapandisha na kushusha kila siku?"

"Niachie mpaka mvua," nikamwambia. "Nikishindwa, uje na panga lako uikate."

Mkono wangu wa kulia hauinuki vizuri. Nilikuwa napanda juu ya debe, nakunja upande mmoja, napumzika, nahamisha debe. Akina mama wa kile kikundi, waliobaki, nao magoti yamewaisha. Wengine mahali pa marehemu hawaingii. Nikapanda miche peke yangu.

Mvua ilipoanza shemeji akaja, na panga kweli. Akachungulia ndani, panga akaliegemeza mlangoni. Nikamjazia nyanya kwenye bakuli.

"Mke wangu atafurahi," akasema, akaondoka. Habari ya plastiki hakuigusa tena.

Grinihausi imebaki, na mimi nimebaki nayo. Mvua ikipiga juu ya ile plastiki, ukiwa ndani huwezi kusikia mtu akikuita nyumbani. Zamani nilikuwa natoka mbio kuangalia kama mume wangu ananiita nimpakulie chakula. Siku hizi navuna tu mpaka inyamaze.