Wifi Yangu na Tangi la Dizeli

Wifi yangu, dada wa mume wangu, mtaani anaitwa Mama Najua, na jina hilo hakuliokota njiani. Ukimwambia sufuria ina moto, anakujibu "Najua" huku vidole vimeshaungua. Ukimwelekeza njia, anaitikia kabla hujataja kona ya kwanza, halafu mnapotea pamoja. Ni fundi cherehani, na kwenye kitambaa kweli anajua: anakutazama tu ukiingia mlangoni, anakata suruali, nayo inakukaa kama umezaliwa nayo. Shida yake ni kudhani dunia nzima ni kitambaa.

Mume wangu ni mdogo wake, tumbo moja, lakini maneno yalipogawiwa dada alichukua ya wote wawili. Mume wangu akianza sentensi, unaweza kwenda kuanika nguo ukarudi hujapitwa na kitu. Tangu utotoni dada yake alikuwa akimmalizia, naye hakuwahi kulalamika, mpaka siku ya mlango.

Tulikuwa tunajenga. Mume wangu akasafiri kikazi, akamwachia dada yake amsimamie mwashi. Mwashi akauliza mlango wa jikoni ukae upande gani. "Najua anavyotaka," akasema wifi yangu. Mume wangu aliporudi alikuta mlango unatazamana na choo cha jirani, uso kwa uso, na hadi leo nikikaanga vitunguu hujua nani mtaani anaumwa tumbo. Hakugomba. Heri angegomba. Alinyamaza, na mtu asiyesema akinyamaza, hujui utaanzia wapi kumrudisha. Kwa miaka miwili wakawa wanasalimiana kupitia kwangu. "Msalimie mumeo," anasema huyu. "Mwambie nimezipata," anasema yule, na wote tuko sebule moja!

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Mimi nililima miaka miwili, mgongo ukaniuma. Kwa hiyo wifi alipopata kazi ya kushona mashuka na mapazia ya bweni jipya la shule, mzigo usioweza kuingia kwenye kigari chake, nilimwambia mume wangu, "Mpe gari lako." Gari lile ndilo jicho lake. Hata mimi huniambia nikung'ute viatu. Mwishowe akasema, "Aje."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya mlango kumpa dada yake kitu mkononi. Nikajiambia, gari likirudi salama, yamekwisha. Likirudi na neno, basi, nitazeeka nikipeleka salamu.

Asubuhi tulipakia marobota hadi darini. Mume wangu akamkabidhi dada yake ufunguo.

"Dada," akaanza, "kuhusu mafuta, gari hili..."

"Najua."

"Lakini nilitaka..."

"Najua, mdogo wangu. Nimeanza kuendesha wewe hujajua kufunga kamba za viatu."

Akafunga mdomo. Mimi nikaingia kiti cha mbele upesi, tuondoke kabla hawajakumbuka mlango.

Tukiwa njiani, wifi akakunja kuingia kituo cha mafuta. Tangi lilikuwa zaidi ya nusu, lakini alishikilia kwamba gari la kuazima hurudishwa limejaa. Alitaka kumfurahisha ndugu yake, nami nikampenda kwa hilo. Msichana wa pampu akauliza, "Petroli, mama?" Wifi akajibu, "Petroli, jaza." Kigari chake kinakunywa petroli miaka yote, kwake gari ni petroli kama mtoto ni maziwa. Nami siendeshi. Gari kwangu ni viti na milango.

Msichana alijaza, akachukua mfuniko aurudishe. Akausugua kwa kidole gumba, akainama kuusoma, halafu akaja mbio dirishani.

"Mama, usiwashe! Gari hili si la dizeli?"

Ufunguo ulikuwa umeshaingia tunduni. Sijui nilipata wapi kasi ile, niliuchomoa nikaukalia.

Wifi alishuka akausoma mfuniko mwenyewe. Maandishi yalikuwa yamefifia, lakini dizeli ni dizeli. Alishika kiuno, akashika kichwa, akarudi kiunoni. Nyuma yetu foleni ilikuwa imeshazaa mafundi. Mmoja aliyevaa miwani ya jua akasema tumimine dizeli juu yake, vitajuana humohumo. Mwingine akasema, "Washa tu, endesha taratibu, litakohoa kidogo litapona." Nilimwona wifi anavyowasikiliza, na moyo ukanipasuka, kwa sababu alitaka sana kuwaamini. Kama gari lingeondoka, hakuna ambaye angehitaji kuambiwa kitu.

"Hata ufunguo usizungushe," msichana akasema. "Petroli ikishavutwa hadi kwenye injini, inaharibu. Sasa hivi iko kwenye tangi tu. Tusukume pembeni, itolewe yote."

"Ungekuwa wewe, mwanangu, ungefanyaje?" wifi akamuuliza. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimuuliza mtu kitu.

"Ningempigia mwenye gari."

Wifi akanigeukia. "Mpigie mumeo. Mwambie limezimika lenyewe."

"Wifi, mimi nimechoka kuwa simu yenu," nikasema, na nilikuwa nimekasirika kweli. "Mpigie nduguyo."

Tukatoa gia, tukalisukuma gari hadi ukutani, wenye ushauri wote ghafla wakiwa na mikono mizito. Kisha mimi nikarudi kitini kuukalia ufunguo, naye akapiga akiwa dirishani kwangu. Nilitega sikio nikasikia yote.

"Mdogo wangu, nimeweka petroli kwenye gari lako."

Kimya. Wifi alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inacheza, sentensi ya mtu mwingine imemjaa kinywani, lakini aliimeza.

"Umewasha?"

"Sijawasha. Ufunguo kaukalia mkeo."

"Asinyanyuke," mume wangu akasema. "Nakuja."

Alikuja na fundi wake, wamepakizana kwenye pikipiki, madumu matupu yananing'inia kila upande. Hakumsalimia mtu. Fundi aliingia chini ya gari, akafungua nati ya tangi, petroli ikaanza kutiririka dumu baada ya dumu. Akasuuza tangi kwa dizeli kidogo, akaimwaga nayo, akabadilisha na chujio asije akajilaumu. "Mngewasha, mama," alisema kutoka kule chini, "leo tungekuwa tunashusha injini, na msingenipenda."

Wakati huo ndugu wawili walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa saruji, katikati yao nafasi ya kumtosha mtu wa tatu. Mimi nilikataa kuikaa.

"Uliniambia asubuhi," wifi akasema. "Ulianza kuniambia kuhusu mafuta nikakukata. Mdomo uliponza kichwa. Nimekosea. Na ule mlango pia nilikosea, mdogo wangu. Nilijua nimekosea tangu siku ile, nikaona aibu."

Mume wangu akafikiri. Akafungua mdomo, akaufunga, akafungua tena. Wifi alisubiri, mikono ameikalia. Magari mawili yalijaza mafuta yakaondoka.

"Sikutaka kukwambia habari ya dizeli," mume wangu akasema hatimaye. "Hiyo hata haikunijia kichwani. Nilitaka kukwambia... usihangaike kuweka mafuta. Yaliyokuwemo yanatosha kwenda na kurudi."

Wifi alimtazama. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kujipiga mapaja, na mume wangu akajikaza, akajikaza, akashindwa. Alicheka mpaka akamshika dada yake bega asianguke. Fundi akachungulia kutoka chini ya gari kujua kuna nini. Mimi nilikuwa nalia, sina haja ya kuficha, nalia na pua inachuruzika.

Dizeli mpya ilipoingia, fundi aliomba ufunguo. Nikaupangusa kwanza, nikampa. Gari likakoroma mara moja, likatoa kamoshi, tukabana pumzi sote, hata msichana wa pampu aliyekuwa na wateja. Halafu injini ikatulia, ikaunguruma kama siku zote. Wifi alimkumbatia yule msichana na mpira wake wa pampu mkononi.

Mzigo ulikuwa bado unasubiriwa bwenini. Wifi akaenda mwenyewe mlango wa abiria, kichwa chini, akangoja mwenye gari ashike usukani wake. Mume wangu akalizunguka gari, akamfungulia mlango wa dereva.

"Endesha wewe," akasema.

Akajipenyeza kiti cha nyuma kati ya marobota, mimi nikakaa mbele. Wifi aliendesha polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, akiuliza kila kona, "Kushoto hapa, eti?" Nilikuwa najibu mimi. Nilipogeuka kumwambia mume wangu naye asaidie, alikuwa ameegemea mashuka ya dada yake, mdomo wazi, amelala fofofo.