Kware wa Bi Kimya

Mtaani walimwita Mama Kware, ingawa hakuwa amezaa. Alikuwa dobi wa hospitali. Kwa miaka ishirini na sita alipiga pasi mashuka ya wagonjwa, na alizoea kunyamaza, maana ukijaribu kuongea karibu na mashine zile za kufulia unapoteza mate yako bure. Alasiri akirudi nyumbani alivua viatu mlangoni, akavaa kandambili, akapitiliza mpaka uani kwenye vizimba. Kware wake walikuwa arobaini na kitu. Aliwajua kwa mwendo: huyu anachechemea, yule ana wivu, wale wawili hawalali mpaka wabanane pembeni. Alipoinama kuwamwagia maji walimkimbilia, naye aliwasalimia mmoja mmoja kama anayeingia msibani.

Siku mdogo wake aliporudi, mvua ilikuwa inanyesha. Alimkuta amekaa kwenye kizingiti, amekonda kama ufito, anapumua kwa mdomo. Ubavuni mwake palikuwa na ndoo mbili zenye mifuniko ya wavu na sanduku la kioo lililofunikwa blanketi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Hawakuwa wameonana miaka kumi na mmoja. Dada akaziangalia ndoo. "Humo mna nini?"

"Panya."

"Na humo kwenye blanketi?"

"Anayewala."

Huyo mdogo wake ndiye kitinda mimba wa mama yao, na watu walimwita Profesa. Alifanya kazi ya kutunza maabara katika shule ya mbali, akivaa koti jeupe, na jina likamganda. Kazi yenyewe haikuwepo tena, miaka mingi sasa. Koti lilikuwepo, limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alichobaki nacho kingine ni chatu mmoja mfupi, mnene kama mkono wa mpiga kasia, ambaye akiogopa alijikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Alimwita Bi Kimya.

Dada hakumuuliza kwa nini hakuja kumzika mama. Alimpa chumba cha nyuma, akamtandikia, akampikia uji. Swali lile alilimeza.

Panya wale weupe walizaliana ndani ya ndoo, na chumba kikaanza kunuka mkojo. Kila baada ya wiki mbili Bi Kimya alikula mmoja, kisha akalala. Lakini Profesa alizidi kukohoa. Mwisho dada alimpeleka hospitalini kwake, kwa daktari wa mapafu. Daktari alisikiliza kifua, akatazama picha, akauliza anaishi na nini. Aliposikia habari ya panya aliweka kalamu chini.

"Mapafu yako yamechakaa, mzee. Sikudanganyi, hayatarudi kuwa mapya. Lakini vumbi la manyoya na mkojo wa panya vinakumaliza upesi zaidi. Waondoe leo."

"Na nyoka?"

Daktari akacheka kidogo, akaona wenzake hawacheki. "Nyoka hana manyoya. Abaki. Ila umtafutie chakula kingine."

"Nyumbani kuna kware," Profesa akasema, akimwangalia dada yake pembeni, kama mtoto anayeomba kitu mbele ya mgeni ili asinyimwe.

"Kware nao wana vumbi," daktari akasema. "Wewe usikanyage bandani hata siku moja."

Walipofika nyumbani, dada aliingia wa mwisho. Alifunga mlango, akasimama.

"Kwa hiyo unataka niwachinje ndege wangu kumlisha joka lako."

"Wale waliokoma kutaga tu, dada. Na madume ya ziada. Kware mmoja kwa wiki mbili."

"Unasema mmoja kama unaomba chumvi."

Hata hivyo panya waliondolewa. Wakachukuliwa na mwalimu mmoja wa sayansi aliyekuja na boksi lake. Profesa alibakiza kopo moja la maranda ya mbao waliyolalia, yaliyolowa harufu yao, akalifunga kwa mfuniko na gundi. Dada aliona ni uchafu. Baadaye ndipo alipoelewa.

Kware wa kwanza alikuwa yule anayechechemea. Dada alimchinja mwenyewe, maana mdogo wake alikatazwa kukanyaga bandani, na pia hakutaka ndege wake atupwe hai mbele ya chatu. Alishinda mchana ule bila kula. Kisha akampasha ndege katika maji ya moto, apate joto kama aliye hai, akamkausha kwa kitambaa, akamleta mpaka mlango wa chumba cha nyuma. Profesa alimshika kwa koleo refu, akamsogeza karibu na kichwa cha nyoka.

Bi Kimya alitoa ulimi, akaurudisha. Akageuza shingo, akajikunja.

"Hamjui," Profesa akasema. "Maisha yake yote anajua panya tu. Kwake huyu si chakula, ni kitu tu kimeanguka."

"Basi ndege wangu amekufa bure."

Mwezi ukapita, na wa pili. Kware wanne waliishia shimoni nyuma ya choo. Chatu akaanza kukonda, uti wa mgongo ukajichora juu ya ngozi. Majirani walikwisha kupata habari, na mama wa nyumba ya pili alisema ng'ambo ya ukuta, kwa sauti ya kusikika, kwamba wengine hulea yatima na wengine hulea joka. Dada aliendelea kuanika nguo.

Ndipo Profesa alipofungua lile kopo. Alimsugua kware wa tano kwa maranda ya panya, kichwani hasa, mpaka ndege akanuka kama ndoo za zamani. Alifunga kitambaa puani huku akikohoa. Dada alitaka kumnyang'anya, akaona macho yake, akamwacha. Akamlaza sandukuni, wakafunga pazia. Wakakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kwa sababu Profesa alisema nyoka hataki purukushani. Inatakiwa watulie, hata saa nzima.

Hawakuwahi kukaa pamoja kimya hivyo tangu utotoni. Dakika kumi zikapita, ishirini. Hapo, bila kugeuka, Profesa akaanza kusema kwa kunong'ona.

"Nilipata ujumbe. Ule wa msiba wa mama."

Dada aliendelea kutazama kioo.

"Nilifika stendi. Nilikaa pale toka asubuhi. Mabasi matatu yakaondoka. Nilikuwa nimefukuzwa kazi mwezi ule ule, dada. Nikasema nitakwenda vipi? Mama alikuwa anawaambia watu mwanangu ni mwalimu. Mimi ndiye niliyemwambia. Kila barua nilimwandikia habari za wanafunzi wangu. Sikuwa na wanafunzi. Nilikuwa naosha chupa. Nikawaza, nitasimama kaburini, watu waniite mwalimu, kisha waulize nafundisha wapi. Nikarudi nyuma."

Nyuma ya kioo nyoka alikuwa ameinua kichwa kidogo.

"Mama alijua," dada akasema.

"Alijua nini?"

"Kwamba hukuwa mwalimu. Kuna mtu alipita shuleni kwenu, miaka mingi kabla hajafa, akamwambia. Mama alicheka. Akasema, mwache, anapenda koti lake. Barua zako alikuwa ananipa nimsomee, anacheka mpaka machozi, halafu anaziweka chini ya godoro."

Profesa alianza kutikisika mabega. Dada alidhani ni kikohozi, akanyoosha mkono kumpiga mgongoni, akakuta ni kilio. Hakujua afanye nini na mkono ule, akauacha palepale. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imeliwa na uongo ambao haukumdanganya mtu.

Wakati huo ndipo Bi Kimya aliporuka. Haikuchukua hata sekunde. Akamdaka kware kichwani, akamzungushia mwili mara mbili, akakaza. Wote wawili walishtuka. Wakatazama manyoya ya kahawia yakizama polepole kwenye taya zile, na miguu miwili myembamba ikibaki nje muda mrefu, kisha hiyo nayo ikaingia.

Tangu siku hiyo hakukataa tena. Kware aliyefuata alisuguliwa maranda kidogo, wa baada yake kichwani tu, mwingine hakusuguliwa kabisa. Kinyesi cha nyoka kikawa chepesi na chenye harufu kali kuliko zamani, na dada ndiye aliyekisafisha, kwa glavu za dobi. Kila wiki mbili aliingia bandani akachagua. Ndege walimkimbilia kama kawaida. Akaacha kuwasalimia mmoja mmoja.

Profesa alifariki mwanzoni mwa kiangazi, adhuhuri moja hospitalini, akiwa amekaa kwa sababu kulala kulimziba pumzi. Dada alikuwa kazini, jengo la tatu kutoka wodi aliyolazwa. Walipomwita alikuwa ameshika pasi.

Baada ya mazishi kaka yao mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alibaki na jembe mkononi. Aliingia ndani na viatu.

"Hilo dude liko wapi? Nilimalize leo, ukae kwa amani."

Dada alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma. "Kaka, viatu."

"Usinichezee. Wewe unampenda nyoka?"

"Simpendi. Namwogopa mpaka leo. Lakini humgusi."

"Kwa nini?"

Dada aliushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. "Ameshakula kware wangu kumi na tisa," akasema. "Haiwezekani wote wawe wamekufa bure." Kaka alimtazama kama anayetazama mgonjwa, akaliegemeza jembe ukutani, akaenda kunawa.

Yule daktari wa mapafu ndiye aliyempatia namba ya chuo kinachofundisha habari za wanyama. Mtunza wanyama wa chuo, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alikuja na gari akamchukua Bi Kimya pamoja na sanduku. Dada alifagia chumba, akafungua madirisha. Usiku ule alilala vizuri, na asubuhi akajilaumu kwa kulala vizuri.

Wiki sita baadaye simu ikalia.

"Mama, samahani. Amekataa kula. Sisi tunalisha panya tu hapa, na yeye panya hamtaki tena, anamgeuzia kisogo. Unaweza kutusaidia kware?"

Alikwenda. Alipanda gari mbili, na ndege aliyechinjwa ndani ya kopo la plastiki, amefungwa taulo. Alikalishwa kwenye stuli mbele ya kioo, pazia likashushwa, na Bi Kimya akala. Mtunza wanyama akapiga makofi kimyakimya. Dada akabaki amekaa kitambo hata baada ya miguu kuzama, akitazama ule uvimbe ukishuka.

Ikawa ndiyo desturi yake, Jumamosi moja kila wiki mbili. Kazini walishangaa kumwona anaomba ruhusa, mtu ambaye hakuwahi kuomba. Pale chuoni hakuna aliyemwita Mama Kware. Walimwita dada wa Profesa, kwa kuwa ndivyo alivyojitambulisha mara ya kwanza. Alikaa kwenye stuli, mgongo ukutani, na wakati mwingine alisema jambo kwa kunong'ona, mtunza akidhani anazungumza na nyoka.

Miezi mitano ilikwenda hivyo. Jumamosi moja, saa mbili asubuhi, alikuwa ameshamchinja ndege na maji yamechemka, simu ikaita.

"Mama, nina habari njema! Jana amekula panya. Tulimsugua manyoya ya kware, kama ulivyotueleza, akamdaka palepale. Usijisumbue tena na safari. Umeteseka sana na sisi."

"Amemmaliza?"

"Kabisa, mama. Hakubakiza mkia."

"Vizuri," dada akasema. "Nashukuru kunipigia."

Alikata simu. Alikuwa ameshavaa nguo za safari. Kware alikuwa juu ya meza, juu ya taulo, shingo imelala upande. Alisimama akimtazama mpaka maji yakaacha kutokota, kisha akavua shali, akakunja mikono ya gauni, akaanza kumnyonyoa. Alikuwa dume mdogo, nyama yake haikujaza hata kiganja. Akamchemsha kwa chumvi tupu, akamla amesimama karibu na jiko, taratibu, mifupa akiiweka moja moja pembeni mwa sahani. Uani walikuwa wamebaki kware kumi na wawili, nao walikuwa wanalilia maji.