Picha ya Tumbo la Mkwe

Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za eksirei katika hospitali moja upande wa Temeke, miaka ile ya Ujamaa ambapo hata mkubwa wa idara ulimwita "ndugu" akaitika. Watu walidhani ni kazi ya kuona siri. Siri gani? Mbavu za watu zinafanana, za tajiri na za muuza mkaa. Kilichonikosesha raha ni filamu. Zilitoka ng'ambo, fedha za kigeni hazikuwapo, na ukiharibu moja uliitwa ofisini kama mwizi.

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Mtoni kutoka kusini akiwa ameshika ubavu wa kushoto. Tangu nimwoe binti yake sikuwa nimeuona uso wake vizuri. Kwao mkwe ni mtu wa kustahiwa hasa. Nikiingia uani alijifunika kanga akageukia ukuta, na salamu tulipeana mlango ukiwa kati yetu. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Basi, imetosha.

Maumivu yalipomkamata alijikunja sakafuni, na mkojo ulitoka na damu. Daktari alishuku jiwe kwenye mrija unaoshuka kutoka figoni. Likiwa dogo, anywe maji mengi angoje litoke. Likiwa kubwa limeziba njia, apasuliwe upesi, la sivyo figo ingeoza na yeye mwenyewe tungemzika. Picha ndiyo ingeamua, na zamu ilikuwa yangu.

Mke wangu ndiye aliyemuuliza kama amevaa chochote cha chuma au kioo. Akajibu hana kitu. Akalala mezani amejifunika kanga mpaka kichwani, nami nikampanga kwa maneno tu, nikiwa mbali, kama mtu anayeelekeza lori kurudi nyuma.

Filamu ilipotoka kwenye dawa niliiinua kwenye mwanga nikaona uti wa mgongo, nyonga na, zikilikatisha tumbo zima, shanga. Nyuzi kadhaa, punje kwa punje, nyeupe pee, zimelala pale pale tulipotaka kutazama. Uso uliniwaka. Shanga za kiunoni ni mambo ya mume na mke. Hata binti haulizi za mama yake. Na mumewe alikuwa amefariki zamani.

Daktari alicheka kidogo. "Ndugu, mwambie azivue, turudie."

"Ni mkwe wangu, daktari."

Akaacha kucheka. Alikuwa mtu wa pwani, hakuhitaji maelezo. "Basi tafuta njia," alisema. "Lakini iwe leo."

Mama alipoambiwa na binti yake kwamba picha imeonyesha kila kitu, alisema arudishwe kusini akafie kwake. Hapo nilipandwa na hasira. Nilizikasirikia mila, nikaikasirikia mashine, nikamkasirikia hata marehemu baba mkwe kwa kupendwa na mkewe kiasi kile.

Kilichotuokoa ni ufundi wa mke wangu. Alishona nguo kwenye ushirika wa akina mama, na viuno vya wanawake ndivyo alivyovipima kutwa. Nikamwambia: nenda kamwambie mama kwamba sitaingia, utampanga wewe. Nikamwonyesha mwilini mwangu mwenyewe mfupa wa nyonga ulipo, kitovu kilipo, na mahali mwanga wa mashine unapotakiwa kuangukia. Akachukua chaki yake ya kutilia alama nguo, akaingia, akafunga mlango. Nyuzi za shanga alizikata yeye. Walipokuwa tayari aligonga, nikapita ubavu ubavu mpaka nyuma ya kiwambo kinachokinga miale. Kiwambo kina kidirisha cha kumwangalia mgonjwa. Nikakipa kisogo.

"Tayari?"

"Tayari. Kashika pumzi. Fanya haraka wewe, mtu mzima huyu!"

Nikabonyeza swichi huku nikitazama ukuta. Sijawahi kupiga picha nyingine namna ile. Nikaingia chumba cha giza kuisafisha.

Ilitoka safi. Jiwe lilikuwa peke yake kando ya uti wa mgongo, kubwa kama punje ya haragwe. Daktari akasema apasuliwe kesho asubuhi.

Mama akakataa. Yeye hamjui daktari yule, alisema, na kisu hakina huruma. Sisi wawili tukabembeleza, mke wangu kitandani pake na mimi nje ya mlango wa wodi, mpaka maneno yakatuishia. Kisha nikamsikia akimwambia binti yake: "Mwite mumeo. Yeye ndiye kaliona. Aniambie yeye."

Nikaingia. Alikuwa ameketi, kanga imeshuka mabegani, uso wazi, ananitazama. Miaka yote ile sikujua kwamba mke wangu ana macho ya mama yake.

"Kubwa kweli, baba?"

"Kubwa, mama. Halitoki lenyewe."

"Ningekuwa mama yako aliyekuzaa, ungefanyaje?"

Mama yangu alikufa kwa homa kijijini, bila mtu yeyote kumpima.

"Ningemshika mkono nikampeleka mwenyewe," nikasema.

Halafu akaunyoosha mkono wake juu ya shuka, mkono mkavu wa mtu wa jembe.

"Basi nishike."

Nikamshika. Asubuhi nilitembea kando ya machela mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Alitoka hai, na siku zote alizolala wodini mimi na mke wangu tulimlisha uji kwa zamu, naye hakuona haya, wala mimi.