Siku Mama Aliposugua Propela

Mimi si mtu wa kutulia. Tangu nianze kuandika ukurasa huu nimeinuka mara tatu kwenda kuangalia kama jiko la gesi limefungwa, na mara zote nimekuta limefungwa. Nyumbani wananicheka. Kazini tabia hii ina faida, maana kazi yangu ni kukagua propela za ndege ndogo na kutafuta nyufa.

Kila panga la propela nalipitishia ukucha kuanzia shinani hadi nchani, mbele na nyuma, kisha narudia. Kokoto moja ikirushwa na gurudumu inatosha kuacha kidonda kidogo kwenye alumini. Kidonda kikiachwa bila kupigwa tupa na msasa huzaa ufa, na ufa ukikomaa panga hukatika hewani. Likikatika, propela hupoteza mizani na injini hutikisika mpaka ing'oke ilipofungwa. Hapo hakuna cha rubani hodari wala cha sala ndefu.

Msimu ninaousimulia nilipangiwa Same, na ndege moja ya kunyunyizia sumu ya kwelea kwelea. Asiyewajua aombe asiwajue. Ni vindege vidogo, kimoja hakijazi kiganja, lakini huja kwa makundi yanayotia giza, na hupenda mpunga unapoanza kutia maziwa. Mwaka huo walikuwa wamelala kwenye matete karibu na mashamba ya Maore, chini ya milima. Maore ndiko nilikozaliwa. Mama yangu alikuwa na shamba lake pale pale, na mpunga wake ulikuwa umeanza kutia maziwa wiki ile ile. Ndege ikiruka mapema, mama anavuna. Ikichelewa siku nne tano, mama anabaki na mabua. Nilikuwa najua hesabu hiyo kama ninavyolijua jina langu, na ilikuwa ikinikosesha usingizi.

Kiwanja cha Same ni cha changarawe na upepo wake hauna adabu. Jumatatu jioni, rubani alipotua kutoka kuangalia matete, nilipitisha ukucha nyuma ya panga moja, kiasi cha shibiri moja kutoka nchani, ukanasa. Nikarudia, ukanasa tena. Kwa lenzi niliona kistari chembamba kama unywele. Huenda ulikuwa mkwaruzo, huenda ulikuwa ufa. Kwa jicho huwezi kuapa.

Dawa ya kuapia ipo. Unasafisha panga kwa spiriti, unapuliza dawa nyekundu, unasubiri nusu saa, unafuta. Kisha unapuliza poda nyeupe. Kama kuna ufa, wekundu uliojificha ndani hupanda juu ya poda kama damu kwenye bandeji. Dawa nyekundu nilikuwa nayo. Poda ilikuwa imeisha. Nikapiga simu Arusha, wakaniambia kopo litakuja na basi la asubuhi.

Jumanne saa tatu nilikuwa stendi ya Same. Basi halikuja saa tatu wala saa nne. Nilizunguka stendi ile mpaka madereva wa bodaboda wakaanza kunitania. "Dada, unahesabu mawe?" Mmoja akanipa kigoda chake nikae, nikakaa dakika moja, nikainuka. Mama alikuwa amenipigia simu mara mbili asubuhi hiyo na sikupokea, maana nilijua atauliza ndege inaruka saa ngapi, na mimi sikuwa na jibu. Basi lilifika saa saba kasoro. Kumbe pancha Himo.

Nilirudi kiwanjani nimeshika kopo langu kama mtu aliyebeba yai. Nilipokaribia ndege nikaona kitu kinachomeremeta mpaka kinaumiza macho. Ilikuwa propela.

Mama alikuwa amechuchumaa pembeni yake, kanga kaifunga kiunoni, ndoo ya maji mbele yake. Mkononi ana gunzi la mahindi. Chini kuna bakuli la majivu yaliyochanganywa na mchanga. Amesugua panga la kwanza, amesugua la pili, amemaliza la tatu, mbele na nyuma. Mzee mlinzi wa kiwanja amesimama kando anasifia.

Lazima nieleze jambo hili, maana mtu wa mbali atadhani mama yangu alikuwa amepungukiwa akili. Kwetu sufuria isiyong'aa nje ni aibu. Mgeni akiingia jikoni, kabla hajaulizwa habari za safari macho yake yako kwenye kichanja, anaangalia sufuria zimesuguliwaje. Mimi mwenyewe nimechapwa kwa sufuria moja yenye masizi. Mama alikuwa ametumwa na wanawake wenzake wa Maore, waliochoka kupiga madebe mashambani kufukuza kwelea kwelea tangu alfajiri, aje aniulize ndege inakawia nini. Kapanda gari la asubuhi, kafika na makande yake kwenye hotpoti, hakunikuta. Akamwuliza mzee mlinzi binti yake anasubiri nini. Mzee akamjibu, kwa heshima zote, kwamba fundi amekataa ndege isiruke mpaka propela isafishwe na dawa inayotoka Arusha.

Mama akaitazama propela. Ina wadudu waliopondeka, ina vumbi jekundu. Akasema, kwa hiyo ni uchafu tu? Akaomba majivu kwa mama ntilie wa barabarani.

"Shikamoo mama" haikunitoka. Kilichonitoka ni, "Mama! Umefanya nini wewe?"

"Nimekusaidia, mwanangu. Angalia. Hata dawa yenu haihitajiki tena."

"Nani kakwambia uguse? Nani? Unajua ulichokifanya? Umeharibu kila kitu!"

Nilimfokea. Nilimfokea mama mzazi mbele ya mzee wa watu, mbele ya rubani aliyekuwa anashuka kwenye gari na afisa kilimo. Sijawahi kupandisha sauti kwa mama kabla ya siku ile. Mama akalitazama gunzi, akaliweka chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Nilidhani uchafu ndio unaowachelewesha," akasema.

Nikapitisha ukucha pale pale, shibiri moja kutoka nchani. Haukunasa. Nikapitisha kote. Panga lilikuwa laini kama sahani ya udongo. Hata hivyo nilifanya kipimo, maana mikono yangu ilitaka kazi. Spiriti, dawa nyekundu, nusu saa, nikafuta, nikapuliza poda. Tukasimama wote watano tukiangalia weupe ule. Dakika kumi. Ishirini. Hakuna hata nukta nyekundu.

Rubani, kijana wa Kisukuma mwenye masihara ya kudumu, akapiga kofi. "Safi! Jioni tunaruka."

"Haturuki."

"Dada fundi, kipimo si hicho? Kimesema hakuna."

"Hakijasema kitu. Kimezibwa mdomo."

Nikawaeleza. Alumini ni laini. Ukiisugua kwa mchanga, ngozi yake ya juu huvutwa na kufunika kilichopo chini. Ukikandika udongo kwenye ukuta wenye ufa, ufa haujapona, umefunikwa tu. Dawa nyekundu haiwezi kuingia mahali pasipo na mlango. Ya kuufungua mlango ule ni tindikali maalumu, na ile iko karakana, Arusha, na inatumiwa na wenye kibali. Kama panga lisingesuguliwa, ningeamini jibu la poda lolote lile. Sasa nisingeweza kuliamini.

"Nyie Wapare mna kesi hata na chuma!" rubani akasema. Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Anayepanda ni mimi. Mimi niko tayari. Dakika arobaini tu, naenda, nanyunyiza, narudi."

Afisa kilimo naye akaongeza kwamba ndege hao wakila siku tatu zaidi, hakuna cha kunyunyizia. Akanitazama. "Na wewe ni mtoto wa kule kule."

Kama kuna maneno yaliyowahi kunichoma, ni hayo. Ni kweli nilikuwa mtoto wa kule kule. Mwenye mpunga alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua sita kutoka nilipo. Nilizunguka ndege ile sijui mara ngapi. Nilitaka sana kusaini. Naapa, kalamu ilikuwa mkononi. Ukucha wangu wa jana ulisema kuna kitu, kipimo cha leo kilisema hakuna, na mmoja kati yao alikuwa anadanganya, na katikati alikuwepo kijana anayetaka kupanda.

Nikafungua kitabu cha ndege nikaandika isiruke mpaka propela ibadilishwe. Sababu nikaandika uso wa mapanga umekwaruzwa. Nani kaukwaruza, sikuandika.

Mama aliondoka na gari la saa kumi. Makande aliyaacha. Nilimsindikiza mpaka barabarani na wote wawili tuliongea habari za hali ya hewa. Kabla sijaomba samahani, gari likaja.

Propela nyingine ilifika siku ya sita. Katika siku hizo sita nilimpigia mama kila jioni. Siku ya kwanza alisema wamepiga madebe, ndege wamehama upande mmoja. Siku ya pili alisema sauti imemkauka. Siku ya nne alisema, "Mwanangu, usipige kila siku. Hakuna kipya." Rubani aliruka siku ya sita jioni, akanyunyiza kama ilivyotakiwa, akarudi akaniambia matete yalikuwa karibu matupu. Wenye mpunga wa kuchelewa walipona. Mama na majirani zake wa upande wa bwawani hawakupata hata cha mbegu.

Wiki mbili baadaye simu ya Arusha ikaja. Nilikuwa nimelala chali chini ya injini. Fundi mwenzangu alikuwa mchangamfu kabisa. "Aise, lile panga lako tumelifungua kwa tindikali, tumelipima mara mbili. Hakuna ufa. Mkwaruzo tu, na juu yake kuna mikwaruzo ya ajabu, sijui mlilisugua na nini?"

Nilimwambia asante. Nikabaki pale chini.

Nimefanya kazi hii miaka mingi na kila siku nimeomba nisikute ufa. Katika siku zile kumi na nne nilikuwa nimeomba ufa uwepo. Nilikuwa nimeomba kwa magoti. Ungekuwepo, majivu ya mama yasingekuwa na kosa lolote, ndege isingeruka hata kama mama angebaki nyumbani. Lakini ufa haukuwepo. Maana yake ni kwamba mama asingesugua, poda ingesema kweli Jumanne ile ile, ningesaini, na jioni rubani angekuwa juu ya matete. Mpunga wa mama na wa majirani zake uliondoka kwa gunzi na majivu. Kosa halikuwa langu, na hilo halikunipa nafuu hata kidogo.

Ijumaa nikaenda Maore. Nilipokuwa napita kwa jirani, mama mtu mzima aliyenibeba mgongoni utotoni, nikamwamkia shikamoo. Akaendelea kufagia.

Mama alikuwa jikoni. Alikuwa amekonda. Nilimwomba msamaha kwa kumfokea, akanipungia mkono kana kwamba anafukuza nzi. "Yaliisha pale pale. Wewe ulikuwa kazini." Akanimiminia chai. Kisha akakaa mbele yangu, na nikaona kwamba jambo lililokuwa likimla hakulitoa bado.

"Ile propela. Waliipima huko Arusha?"

"Waliipima."

"Wakakuta nini?" Hakuniachia nafasi. "Maana watu hapa wanasema. Nimewaambia mwenyewe kwamba nilisugua, sikuficha. Wanasema kama nisingekwenda, ndege ingekuja. Mimi nawaambia kulikuwa na ufa, mwanangu aliuhisi. Nakosea?"

Alikuwa ananiangalia kama mgonjwa anavyomwangalia daktari aliyeshika karatasi. Kazi yangu yote ni kusema kilichopo na kukataa kusema kisichopo. Nimebishana na mabosi kwa hilo, nimenuniwa, nimehamishwa.

"Hukosei," nikasema. "Ufa ulikuwepo, mama."

Akafumba macho. "Asante Bwana," akasema. "Asante, asante." Akalia, nami nikalia, na kila mmoja wetu alikuwa na sababu yake.

Sijamwambia ukweli mpaka leo. Anayesoma hapa ameujua kabla yake, na jambo hilo linaniwasha kuliko yote niliyoandika.

Kesho yake ilikuwa Sabato. Wakati wa shuhuda mama akasimama. Akaeleza habari yote, majivu, mchanga, gunzi, watu wakacheka kidogo. Akasema mpunga wake umekwenda, na wa majirani zake umekwenda, lakini haukwenda bure, kwa sababu kuna kijana wa watu, ana mama yake huko Usukumani, na mama yule leo hajavaa kaniki ya msiba. Akasema yeye kwa ujinga wake alikuwa ameziba kifo kwa majivu, lakini Mungu alimpa binti yake moyo wa kukataa. Kanisa zima likasema amina. Yule jirani aliyekataa salamu yangu aligeuka kwenye benchi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamtoka, akanibusu vidole.

"Simama, mwanangu," mama akasema. "Simama wakuone."

Nikasimama, wakaniona.