Antivairasi Mbili na Wasifu wa Marehemu

Mwajiri wangu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa Ruiru, na hakuwahi kutupa kitu. Duka lake la kupiga chapa pale Thika lilikuwa na kompyuta moja. Mpwa wake, mwanafunzi aliyekaa Kahawa Sukari, alizoea kumletea diski za antivairasi, na kila mara Mwalimu alinipa amri ileile: weka hii, lakini ile ya zamani usiitoe.

"Fahali wawili hawakai zizi moja, Mwalimu," nilimwambia. "Kila moja inafikiria ile ingine ndiyo virusi."

"Hao si fahali, ni walinzi. Mmoja akilala, mwingine ako macho."

Nilimchoka. Mashine ilikuwa imeganda mara mbili kwa sababu ya walinzi wake, na mara zote mbili lawama zilikuja kwangu.

Jumatano moja alikuja mama kutoka Gatuanyaga, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa amzike mumewe Ijumaa na alitaka wasifu wa marehemu uchapwe. Wateja wengine walikuja na wasifu ulioandikwa kwenye daftari, lakini yeye hakujua kuandika. Basi akakaa kando yangu akasimulia, nami nikapiga chapa moja kwa moja. Alipofika kwenye siku mzee alipomfundisha kuendesha baiskeli, wakaanguka mtaroni na maziwa yote yakamwagika, alicheka mpaka akashika meza. Nilicheka naye. Tukakubaliana arudi kesho yake kuchukua nakala.

Jioni Mwalimu akaingia na diski mpya. Safari hii nikaamua kuitoa ile ya zamani bila kumwambia. Kuitoa vizuri kulitaka subira, na mimi nilitaka kwenda nyumbani. Nikashika folda yake nikaitupa kwenye pipa la taka la kompyuta, nikaweka mpya, nikazima na kuwasha. Ikaganda.

"Nilikwambia usiguse ile ya zamani," Mwalimu akasema. Iliniuma kwamba safari hii kosa lilikuwa langu kweli.

Asubuhi akaja fundi. "Hii hukuitoa," akaniambia. "Umekata majani tu, mizizi iko chini. Ni kama thangari. Kila ukiwasha inaota tena." Thangari naijua, ile nyasi sugu ya shambani, nimeing'oa utoto wangu wote. Kabla hajasema atafanya nini, Mwalimu akanituma nimletee fundi chai na mandazi.

Niliporudi, kila kitu kwenye kompyuta kilikuwa kimefutwa. Fundi alikuwa ameuliza kama kuna kitu cha maana ndani. "Hakuna," Mwalimu alimjibu. "Wateja huja na madaftari yao." Niliweka chai mezani. Ningemgombeza vipi, na hakuna aliyeniharakisha jana ila mimi mwenyewe?

Saa sita mama akafika. Nilimwambia ukweli wote. Akavuta kiti.

"Sawa, mwanangu. Andika tena."

Mzee alizaliwa, akabatizwa, akafanya kazi kwenye shamba la mananasi, akapata watoto saba, akaugua. Mama alisema yote kwa sauti moja, macho yake mlangoni.

"Na ile ya baiskeli, mama?"

"Wacha tu," akasema. "Hiyo ilikuwa ya jana."